Were na Gia Isiyo na Waya

Lenox Were hufika Kilimani asubuhi kwa miguu kutoka Kawangware, akisukuma baiskeli ya mtu. Jioni huondoka nayo kwa sababu kibanda chake kina mabati pande tatu tu, na baiskeli ya mteja haiwezi kulala nje. Watu wakimwuliza mbona anaisukuma na haipandi, husema baiskeli ambayo kazi yake haijaisha si ya kupandwa. Ikiisha, huipanda mara moja tu, mpaka kona ya Kirichwa na kurudi, aionje. Baada ya hapo ni ya mwenyewe.

Mama yangu, Philister, huuza chai na chapo kwenye kibanda kinachofuata. Mimi huosha vikombe na kukanda unga, kwa hivyo nimemtazama Were akifanya kazi kwa muda mrefu. Mama humwita Baba Emmah, kwa jina la binti yake mkubwa aliye Butere na mama yake. Wateja humwita Fundi. Mungai, anayeosha magari ng'ambo ya mtaro, humwita Mzee wa Cheni, na Were hapendi, anasema mzee ni yule aliyemzaa.

Kazi alifunzwa na mjomba wake huko Bumala, enzi zile baiskeli ndizo zilikuwa zinabeba watu sokoni. Kila jioni zilikuja zimechoka, zingine zimebeba akina mama wawili na gunia juu. Mjomba hakuwa na vifaa vingi. Alikuwa na spana, nyundo, na rundo la vipande vya tubu kuukuu, ule mpira wa ndani ya tairi. Tubu ilikuwa kamba, ilikuwa gundi, ilikuwa bandeji. Were alipokuja Nairobi alianzia River Road, akirekebisha magurudumu ya mikokoteni na zile baiskeli nyeusi nzito za kusambaza mkate. Anasema kule alijifunza kitu kimoja tu ambacho Bumala hawakumfunza, kufanya kazi watu wakikupita juu ya mgongo. Halafu mteja mmoja akamwambia watu wa Kilimani wameanza kupanda baiskeli za gia kwa ajili ya mazoezi na hawana fundi karibu. Akahama.

Baiskeli za gia alizijulia masikioni. Huinua gurudumu la nyuma, huzungusha pedali kwa mkono, halafu hufumba macho. Cheni ikikwaruza sahani ya pembeni, moja ya yale magurudumu madogo ya meno ya nyuma, anaisikia kabla mwenyewe hajamaliza kueleza shida. Hugeuza skrubu kidogo, huvuta waya kidogo, na kusikiliza tena. Mungai akiwa na pampu yake ya maji inanguruma, Were humwinulia mkono tu, na Mungai huizima. Mungai hulalamika kila mara kwamba mteja wake naye ana haraka, lakini huizima.

Shida ilianza baiskeli za murram, za barabara za udongo, zilipokuja. Zina tairi nene kidogo na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Watu wa ofisi walizipenda kwa sababu unatoka nazo kwa lami ya Kilimani, unaingia vumbi la Ngong bila kubadilisha kitu. Zile za kwanza zilikuwa na waya kama zingine. Halafu zikaanza kupita zisizo na waya wa gia hata mmoja. Nyuma, ule mkono mdogo wa chuma unaosukuma cheni kutoka sahani moja hadi nyingine una mota ndani, na betri mgongoni. Mwendeshaji anabonyeza kibao kidogo kilichojificha nyuma ya breki, unasikia zii, na cheni imehama.

Were alizitazama zikipita. Wateja wake wa zamani wakawa wanauza baiskeli zao za waya na kununua hizo, na wakishanunua hawaji tena. Wanaenda duka moja kubwa la baiskeli Parklands. Mwezi mmoja ukaisha akiwa ameziba pancha na kufunga kengele za watoto tu. Siku moja akinywa chai alimwambia mama bila kulalamika, kama mtu anayesema mvua itanyesha: akishindwa na hizi, kibanda cha Kilimani kimeisha. Atarudi River Road kwa mikokoteni. Mama akamwambia mikokoteni pia ni kazi. Were akasema ni kazi, ndiyo, lakini masikio yake yatakufa.

Kwa hivyo Jumatano ile msichana mmoja aitwaye Wangu, mteja wa zamani, alipokuja na yake, sote tuliacha kazi tukatazama.

Wangu anafanya kazi kwa kampuni ya bima hapo Ngong Road, na kwao ni Kabete, wamekuwa huko tangu babu zake. Were alikuwa akimtengenezea baiskeli yake ya kwanza, ile ya waya. Hii mpya ilikuwa ya kijani kibichi, binamu yake alimwachia akihamia ng'ambo. Alikuwa ameanguka nayo msituni Ngong, upande wa kulia, na tangu hapo cheni ilikuwa inakwaruza na kurukaruka. Jumamosi klabu yao ya baiskeli ilikuwa inachagua watu wanne wa kwenda mashindano ya Naivasha. Duka la Parklands lilikuwa limemwambia arudi wiki ijayo.

Were aliizunguka baiskeli mara moja. Akainama nyuma, akatafuta waya kwa kidole, kama mtu anayetafuta mfuko kwenye nguo isiyo na mfuko.

Mungai akasema kwa sauti, "Fundi, waya zimeibiwa. Twende polisi."

Were alimwambia Wangu ukweli, kwamba gia ya aina hii hajawahi kushika.

"Najua," Wangu akasema. "Lakini mikono yako naijua. Na usiponisaidia wewe, Jumamosi nitakuwa nyumbani nikiosha nguo."

Akamwonyesha anavyobonyeza, kibao cha kulia cheni inashuka sahani ndogo, cha kushoto inapanda kubwa, halafu akaenda ofisini. Aliongeza kitu kimoja akiwa tayari amefika barabarani. Kwenye klabu wako watu kumi na zaidi wenye baiskeli kama hii, na wote wanalia kuhusu foleni ya Parklands. Akisema hivyo aliangalia chini, kama mtu ambaye hakutaka kuahidi.

Siku hiyo Were alianza na kile alichokijua. Mkono wa gia hushikwa kwenye fremu na kipande cha chuma laini ambacho mafundi hukiita sikio. Baiskeli ikianguka, sikio ndilo hupinda kwanza. Were ana chombo chake cha kulinyoosha, ekseli ya zamani aliyoichomelea fimbo ndefu. Alitoa mkono, akafunga ekseli mahali pake, akawa anazungusha fimbo na kupima ncha yake dhidi ya rimu, juu, chini, mbele, nyuma, akivuta polepole. Sikio lilikuwa limepinda kweli. Jioni likawa limenyooka, na cheni ikaacha kuruka. Lakini bado ilikwaruza. Sauti ndogo, kama panya kwenye karatasi. Kwenye baiskeli ya waya angevuta waya unywele mmoja na mchezo ungeisha. Hapa hakuna cha kuvuta. Alishika skrubu mbili za mkono wa gia, akaziacha. Alimweleza mama baadaye kwamba zile skrubu ni za kuzuia cheni isitoke nje, hazinyamazishi kelele, na asiyejua hilo ndiye huharibu.

Alhamisi alimpigia simu Kiarie. Kiarie ni fundi kwenye lile duka la Parklands, lakini kabla ya hapo alikuwa River Road, na walikula githeri sufuria moja. Mafundi wa River Road wana desturi hiyo, ukikwama unampigia mwenzako, na yeye hawezi kukataa kukwambia hata kama mteja ni wake. Were aliweka simu kwenye spika juu ya ndoo. Kiarie alikuwa anatafuna kitu.

Alimwambia aweke cheni sahani ya katikati. Ndani ya breki, karibu na kile kibao, kuna kidude kidogo kama punje ya dengu. Akishike hicho, na akiwa bado amekishika abonyeze kibao. Mkono hautaruka sahani nzima. Utasogea unywele tu. Abonyeze mpaka asikie cheni inaanza kugusa sahani kubwa ya jirani, kisha aurudishe upande wa pili, mbofyo kwa mbofyo, mpaka inyamaze.

"Sasa hapo katikati utajuaje?" Kiarie akasema. "Utasikiza tu. Hakuna kompyuta itakwambia."

Were aliitazama ile simu kama imemsalimia kwa Kiluhya cha kwao. Akainua mkono, Mungai akazima pampu. Alishika kidude, akabonyeza, akazungusha pedali, akafumba macho. Akwaru, akwaru. Akarudisha. Akwaru. Akarudisha tena. Nikaacha kukanda unga. Kisha ikafika mahali hukusikia cheni kabisa, ulisikia tu upepo wa spoki. Akapanda sahani zote mpaka juu, akashuka zote mpaka chini. Zii, zii, zii. Kimya.

"Imekubali," akasema. Alicheka peke yake, jambo ambalo hafanyi. Alikunywa chai mbili na akamwambia mama kwamba kumbe mambo ni yale yale, wamebadilisha tu mlango.

Hakuionja siku hiyo. Giza lilikuwa linaingia, na breki ya nyuma aliiona imekuwa laini, akasema kazi haijaisha. Akaondoka akiisukuma kuelekea Kawangware.

Ijumaa asubuhi alifika akiisukuma vile vile, akaitundika kwenye ndoano. Breki ilikuwa imekaza vizuri. Alizungusha pedali ili anionyeshe ilivyo kimya, na cheni ikapanda yenyewe mpaka sahani kubwa kabisa, hakuna aliyebonyeza. Were akasimamisha. Akabonyeza kulia. Zii, ikashuka. Akabonyeza tena, ikashuka. Ilishuka mpaka sahani ndogo kabisa. Akabonyeza kushoto ipande.

Hakuna kitu.

Akabonyeza tena, taratibu, halafu kwa nguvu. Hakuna. Alishika kile kidude cha dengu, akabonyeza. Hakuna. Alitoa betri ya mkono wa gia, akaenda kuichaji kwa Shiru anayerekebisha simu pale kona, akairudisha. Taa ya kijani kwenye mkono iliwaka vizuri. Ikashuka. Haikupanda.

Alikaa juu ya ndoo. Alikuwa anawaza kwa sauti ya chini, na nilimsikia kwa sababu sufuria yangu iko karibu. Kushuka ni rahisi, alisema, hata cheni yenyewe inataka kushuka. Kupanda ndiko kunahitaji nguvu. Basi mota imepoteza nguvu. Na kama mota imepoteza nguvu jana ikiwa nzima, basi aliyeiua ni yeye, wakati wa kunyoosha sikio au wakati wa kubonyezabonyeza. Mkono mzima wa aina hiyo haupatikani Nairobi upesi. Hata ungepatikana, yeye hangeweza bei yake. Alimpigia Kiarie, simu imezimwa.

Mungai alivuka mtaro akiwa na kitambaa chake begani. Hakutania. Aliangalia baiskeli, akamwangalia Were, akaongea kama ndugu.

"Sikiza. Hii kitu ilianguka. Si ilianguka? Mwambie ilikuja hivyo. Utasema umejaribu, imekataa. Nani atajua?"

"Jana ilikuwa inapanda," Were akasema.

"Nani aliona?"

Were alinyoosha kidole kuelekea kibanda chetu, halafu kuelekea kwake yeye Mungai, halafu akajigusa kifua. Mungai akasema hao wote si korti. Alirudi kwa gari lake, lakini hakuwasha pampu.

Were alikaa na simu mkononi muda mrefu. Mama aliniambia nisimwangalie. Nilijua anachowaza kwa sababu alikuwa amekisema mwenyewe. Baiskeli ya Wangu ndiyo mlango wa zile zingine kumi. Akisema ilikuja hivyo, Wangu atasikitika na kwenda, labda atarudi siku nyingine. Akisema ameiharibu, Wangu atawaambia wenzake, na ni haki yake. Kisha akapiga.

Hakuzunguka. Alimwambia jana baiskeli ilikuwa imekubali, leo inashuka lakini haipandi. "Kuna kitu nimefanya," akasema. "Sijui ni nini. Lakini ni mimi." Alisikiliza kidogo, akasema sawa, akaweka simu mfukoni.

Wangu alikuja saa ya chakula na teksi, viatu vya ofisini miguuni. Hakusalimia vizuri. Alibonyeza kushoto mwenyewe, mara nyingi, midomo imebana. Nilidhani atagomba. Badala yake aliketi kwenye fomu yetu, akakataa chai, na akasema kazini kwao mtu akileta kesi ya gari lililoharibika wanamwuliza jambo moja tu, aeleze kila alichofanya tangu mwanzo, hata kile anachodhani hakina maana.

"Nionyeshe, Fundi. Usiruke kitu."

Were akaanza. Alionyesha alivyotoa mkono, alivyofunga fimbo, alivyourudisha mkono. Alionyesha sahani ya katikati, kidude, kibao. Wangu alikuwa akiuliza kila hatua, hapo ilikuwa nzima? Nzima. Na hapo? Nzima. Alionyesha alivyopandisha zote na kushusha zote jioni.

"Halafu?"

"Halafu nikaenda nayo nyumbani."

"Nyumbani ulifanya nini?"

"Sikuigusa. Niliilaza tu."

"Uliilaza aje?"

Were alimwangalia kama ameulizwa anavyovua kofia. Akasema kulaza ni kulaza, unaiegemeza ukutani. Wangu akasema, basi iegemeze.

Akaitoa kwenye ndoano, akaiegemeza kwenye bati. Mkono wake ukaenda mfukoni bila yeye kuutuma, ukatoa kipande cha tubu, ukakizungusha kwenye breki ya kushoto na usukani, mara ya kwanza, mara ya pili, ukavuta na kufunga. Hivyo ndivyo anavyofanya kila baiskeli. Mjomba wake alifanya hivyo Bumala ili zisiteleze kwenye mteremko wa soko. Tangu breki za mafuta zije, Were huzifunga usiku kucha pia ili hewa ipande juu na breki ikaze. Asubuhi hufungua kabla ya kusukuma, kwa sababu baiskeli iliyofungwa breki haisukumiki. Ukimwuliza ameifanyia nini, kufunga tubu hakutaji, kama vile wewe hutaji kwamba ulifunga mlango.

Alipovuta mara ya pili kulikuwa na sauti ndogo. Tik.

Were akasimama hivyo hivyo, ncha ya tubu mkononi. Akalegeza. Tik. Akavuta. Tik. Aliinama akaweka sikio karibu na breki, akavuta tena. Kisha akapitisha kidole chini ya mpira mweusi, na kidole kikakuta kibao cha gia kimebanwa humo ndani, kimelala kabisa.

"Imebonyezwa usiku mzima," akasema. "Kibao cha kupanda. Nilikifunga mimi."

Wangu alikuwa ameshasimama. Alikishika kile kibao, akaangalia upande wa ndani wa breki, akakuta kifuniko kidogo cha mviringo ambacho hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekijali. Akasema, polepole, kwamba binamu yake aliwahi kumwambia breki hizi zina betri zao, ndogo kama za saa, na yeye hajawahi hata kuzibadilisha kwa sababu huwa zinakaa miaka. Were akafungua kwa kisu. Betri ilikuwa humo, bapa kama kifungo cha koti. Breki ilikuwa imepiga kelele usiku kucha, panda, panda, panda, mpaka ikaishiwa sauti; usiku wa Jumatano ilikuwa imeanza, wa Alhamisi ikamaliza. Mota haikuwa na shida. Ilikuwa haiitwi.

Mungai alikuwa amefika tena, na alikuwa amefurahi kuliko wote. Akasema betri kama hiyo iko kwa rimoti ya gari analoosha, dakika moja tu.

"Ya mtu?" Were akamwuliza.

"Tutarudisha."

"Nenda kwa Shiru, Mungai."

Alienda mbio na ndala zake, akarudi na betri. Were akaipangusa kwa shati, akaiweka, akafunga kifuniko. Taa ndogo ikawaka kwenye breki. Akabonyeza kushoto. Zii. Cheni ikapanda sahani ya pili, ya tatu, mpaka juu, na ilikuwa bado kimya kama alivyoiacha Alhamisi. Hakuna aliyeshangilia. Mungai alisema tu, "Ah, sawa," akarudi kwenye gari lake na kuwasha pampu.

Were aliipanda mpaka kona ya Kirichwa na kurudi. Aliporudi akamkabidhi Wangu na kumwomba msamaha kwa kumtoa kazini. Wangu alikuwa anavaa kofia yake ya baiskeli juu ya nywele za ofisi.

"Nikwambie ukweli?" akasema. "Watu wa klabu sitawaambia bado. Wacha kwanza niipande kesho."

"Ni sawa," Were akasema. "Hata mimi singewaambia."

Akaondoka na suruali yake ya ofisi, mguu mmoja ameukunja. Were alimtazama mpaka akapinda. Baadaye simu ya Kiarie ilipopatikana, alimweleza kuhusu tubu kabla Kiarie hajauliza chochote, maana ukijifunza kosa kwenye kazi ya fundi mwenzako unamwambia naye asilifanye. Kiarie akamwomba arudie hapo kwenye tubu. Kisha akasema kwamba dukani wamekuwa na baiskeli mbili ambazo breki zake humaliza betri kila zikilala pale, na wamekuwa wakilaumu jua la dirishani.

"Nani huzilaza?" Were akauliza.

"Ni mimi," Kiarie akasema. "Na tubu yangu."

Walicheka hao wawili, mmoja Parklands na mwingine Kilimani, mpaka Were akapangusa macho kwa mkono wenye grisi na kubaki na mstari mweusi shavuni hadi jioni.

Jumamosi ilipita. Jumapili Were alikuwa kanisani, Friends ya Kawangware. Jumatatu aliziba pancha. Jumanne hakuja mtu, na aliosha vifaa vyake vyote kwa mafuta ya taa, akavipanga juu ya gunia kwa ukubwa wao. Mama alimwuliza kama amesikia chochote kutoka kwa yule msichana. Akasema hajasikia na hatapiga, kwa sababu ukimpigia mtu kumwuliza kama kazi yako ni nzuri, unamlazimisha aseme ni nzuri. Alimwuliza mama kama anajua mtu anayeuza toroli ya mkono, ya kuhamishia vifaa River Road. Mama alimwongezea chai.

Jumatano akaja mwanamume mrefu wa makamo, nguo za baiskeli zimembana, akisukuma baiskeli ya murram ya rangi ya kijivu. Haikuwa na waya wa gia. Alisema anaitwa Waithaka, wa klabu ya akina Wangu, na akauliza ni yupi kati yetu ni Fundi Were. Mungai akamwonyesha kwa kitambaa.

Were alisimama. Kabla hata ya kuigusa baiskeli alianza kumweleza kwamba gia za aina hii ameshika moja tu, na hiyo moja aliifunga vibaya usiku ikakataa kupanda. Waithaka akamwinulia kiganja.

"Tumeambiwa. Wangu ametuambia yote Jumamosi, tukipanda kile kilima cha Ngong, watu wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Ameingia kwa wale wanne. Cheni yake hatukuisikia siku nzima."

Were alipangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma.

"Yangu inakwaruza," Waithaka akaendelea. "Nimeenda mahali mara mbili, wananirudishia wakisema iko sawa. Mimi naisikia haiko sawa. Wangu amesema nikuletee wewe, kwa sababu ukikosea unapiga simu."

"Iache," Were akasema. "Leo sitaimaliza, nataka kuielewa kwanza. Na nikiiharibu nitakupigia mapema."

Waithaka alicheka, akamwachia usukani, na akaondoka kwa miguu kuelekea Ngong Road, kofia bado kichwani na vile viatu vyao vyenye chuma kwenye soli vikigonga lami, ko, ko, ko, watu wakigeuka kumtazama.